Mbwa hatulii? Anza kujua kama ni nguvu, woga au maumivu

Kuna mbwa hakai chini. Asubuhi hadi usiku anazunguka nyumba, akisikia mlango anabweka, mgeni akiingia anamrukia kifuani, ukikaa anakuja kukuparua paja, ukisimama anakufata hadi chooni. Na ukilalamika, ushauri wa kwanza utakaopewa ni ule ule kila siku: huyo ana nguvu nyingi, mtoe akimbie achoke. Wapo mbwa ambao ushauri huo unawafaa kabisa. Lakini yupo mbwa mwingine anayefanya vitu vile vile, kuzunguka kule kule na kubweka kule kule, na hana nguvu yoyote ya ziada, ana woga, na huyo ukimtoa ukamkimbiza kwenye makelele na magari ili achoke ndo unazidi kumuongezea. Alafu kuna wa tatu, huyu kuna sehemu ya mwili inamuuma, anataka kutulia ila hawezi, manake kila akilalia upande mmoja panauma anaamka anahama.

Ukiwatazama haraka haraka wote watatu wanafanana, na vurugu yote ya hii mada inaanzia hapo. Mmoja atakwambia mpe chai ya kamomili, mwingine mafuta ya lavenda, mwingine mfungie peke yake atazoea tu, na kila mmoja anaapa kwamba kwake ilifanya kazi, na pengine ni kweli ilifanya kazi, ila ni kwa mbwa wake mwenye shida yake. Kwa hiyo kabla hujanunua wala kuchemsha chochote, chukua siku kadhaa umuangalie mbwa wako vizuri. Sehemu hii watu wanairuka sana na ndo yenye faida kuliko zote.

Mbwa mwenye nguvu tu utamjua kwa mwili. Umelegea, mdomo uko wazi, mkia unapiga mpaka kiuno chote kinayumba nao, na ukimpa kitu cha kufanya anakifanya kwa moyo wote alafu akimaliza anaenda kulala. Mwenye woga hata umpe kila kitu hatulii. Anahema wakati hakuna joto na wala hajakimbia, anapiga miayo wakati hana usingizi, analamba pua na midomo wakati hakuna chakula karibu, masikio ameyalaza nyuma, mkia ameufyata, anageuza kichwa pembeni lakini jicho linabaki kwako mpaka unaona weupe wake, anajikung'uta kama katoka mtoni na hajaguswa na tone la maji. Dalili moja moja haina uzito, mbwa akipiga mwayo anaweza kuwa na usingizi kweli, ila ukiona tatu nne kwa pamoja na zinajirudia kila kitu fulani kikitokea, basi umeshajua anaogopa na umeshajua anaogopa nini. Na kama ningeambiwa nichague dalili moja tu ningechagua chakula. Mbwa anayependa nyama kuliko kitu chochote, ukimpa akaikataa, au akaipokea kwa kuinyakua mpaka anakaribia kukung'ata vidole wakati siku zote anapokea kwa ustaarabu, huyo kichwa kimeshazidiwa na mda huo hawezi kujifunza kitu.

Maumivu niyaongelee kabla ya yote kwa sababu yanasahaulika. Masikio yenye uchafu na usaha, meno, ngozi inayowasha, tumbo, na hasa viungo, vyote vinaweza kumfanya mbwa ahangaike bila kuchechemea wala kulia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln cha Uingereza walichapisha kazi kuhusu mbwa wanaoogopa makelele, wakalinganisha wale waliokuwa na maumivu ya misuli au viungo na wale wasiokuwa nayo, wakakuta wenye maumivu woga wao ulianza kwa wastani kama miaka 4 baadaye katika umri kuliko wenzao. Maelezo yao ni kwamba mbwa akishtushwa na kelele misuli inakaza ghafla, penye maumivu panazidi kuuma, basi anajifunza kwamba ile kelele ndo inaleta maumivu. Kwa hiyo mbwa mzima ambaye miaka yote hakuwa na shida na radi, alafu mwaka huu kaanza kutetemeka, huyo usimpe chai ya majani yoyote, mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe mgongo na viungo. Na mbwa mzee anayeanza kuzunguka usiku, anakwama kwenye kona, anasahau mlango uko wapi, hapo inaweza kuwa ubongo unazeeka, nako kuna msaada ila unaanzia kwa daktari.

Sasa tuje kwa yule mwenye nguvu.

Ugonjwa halisi wa kuhangaika kwa mbwa upo ila ni nadra sana. Wengi wanaoitwa vichaa ni mbwa wazima kabisa wa aina zilizozalishwa kwa vizazi na vizazi zifanye kazi kutwa nzima, border collie wa kuchunga kondoo, malinois, husky wa kuvuta sledi, jack russell wa kufukuza wanyama mashimoni, na leo wanakaa ndani masaa tisa wanamsubiri mtu atoke kazini. Au ni vijana tu, mbwa wa kati ya miezi 6 na mwaka na nusu hivi anapitia ujana wake na utii unapungua hata kama zamani alikuwa anasikia. Huyu anahitaji mazoezi, hilo halina ubishi, lakini kuna kosa moja linafanyika kwa nia njema kabisa: kumrushia mpira mara hamsini kila siku. Kukimbiza mpira ni kuwinda kunakojirudia rudia, mwili unapanda adrenalini, ile homoni ya msisimko, anasimama ghafla anageuka anakimbia tena, na anarudi nyumbani misuli imechoka lakini kichwa kinawaka. Baada ya mwezi wa hivo umetengeneza mkimbiaji mwenye pumzi, sasa anataka mara mia, na asipopata anakuletea mpira miguuni usiku kucha. Mpira sio dhambi, cheza nae kidogo, ila kuchoka na kutulia ni vitu viwili.

Kinachotuliza kweli ni pua. Mbwa ana vipokea harufu zaidi ya milioni 200 puani, binadamu tuna kama milioni 5 au 6, yaani kwake kunusa ndo kuisoma dunia, na matembezi ambayo kila akisimama kunusa anavutwa kamba twende twende ni matembezi ambayo hajapata alichotokea. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha utafiti ambapo mbwa wengine walifanya michezo ya kunusa na wengine mazoezi ya kutembea sambamba na mwenye nae, kwa wiki mbili. Baadae wakawekewa bakuli sehemu ambayo mbwa hawezi kuwa na uhakika kama lina chakula au halina. Wale wa kunusa walianza kuliendea haraka kuliko walivyokuwa wanaliendea kabla ya mazoezi, wenzao hawakubadilika, na hiyo inachukuliwa kama alama ya mbwa kuwa na mategemeo mazuri na maisha. Mimi naona hiki ndo kitu cha asili cha kwanza na cha bure kabisa. Mvalishe mkanda wa kifuani badala ya kumvuta shingo, tumia kamba ndefu ya mita 5 hadi 10, nenda sehemu tulivu, na uache yeye achague njia, akitaka kunusa nguzo moja dakika tatu simama nae. Siku ya mvua mwaga chakula chake cha kawaida kwenye majani au kwenye taulo lililokunjwa kunjwa, au kwenye boksi lililojaa makaratasi, akitafute punje moja moja. Robo saa ya hivo inamlaza vizuri kuliko nusu saa ya mpira, jaribu utaona mwenyewe.

Baada ya pua ni mdomo. Kutafuna na kulamba taratibu kunashusha presha ya kichwa, ndo maana mbwa mwenye mchecheto asiye na kitu cha kutafuna atatafuna kiatu chako. Mpe vitu vyake, mpira mgumu wenye tundu uliojazwa chakula laini ukagandishwa kwenye friza, au sahani ya mpira yenye vijinundu uliyopaka chakula akawa analamba. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha vinaweza kutoboa utumbo. Na kitu kigumu sana nacho kinavunja magego, ukiminya kwa ukucha kikakataa kabisa kuacha alama basi ni kigumu mno kwa meno yake.

Usingizi nao hauongelewi vya kutosha. Mbwa mzima anahitaji kulala na kupumzika kama masaa 12 hadi 14 kwa siku, mtoto wa mbwa 18 hadi 20, na nyumba yenye watoto, tivii, wageni, na kila anayepita anamshika kichwa, hayo masaa hayapatikani. Kale kambwa kadogo kanakopandwa na wazimu kila jioni, kanang'ata mikono kanakimbia kwenye makochi, mara nyingi kamechoka mno na hakajui kujilaza kenyewe, wewe unadhani kanataka mchezo zaidi unaongeza mchezo na hali inazidi kuwa mbaya. Mtengee kona isiyo na mapito, ikiwezekana yenye giza kidogo, na sheria ya nyumba iwe moja, akiwa kwenye kona yake hakuna anayemgusa, hata mtoto, hata mgeni.

Alafu kutulia kunafundishwa, kama vile kukaa na kuja vinavyofundishwa. Tandika kimkeka, mbwa akikikanyaga tu dondosha punje ya chakula juu yake, akikaa dondosha nyingine, akilala dondosha tena kati ya miguu yake ya mbele, bila kelele, bila "good boy" ya shangwe, kwa sababu shangwe inamuinua. Polepole ongeza mda kati ya punje na punje. Baadae mkeka wenyewe unakuwa ujumbe, popote unapoutandika mwili wake unaanza kulegea. Na nje ya mazoezi, zoea kumkamata akiwa ametulia. Sisi wengi mbwa tunamuona akisumbua tu, akilala kimya tunashukuru tunaendelea na yetu, kwa hiyo kila siku anajifunza kwamba kuruka ndo kunaleta mtu na ukimya hauleti kitu. Pita pale alipolala, weka punje moja mbele yake bila neno, endelea na safari yako.

Yule wa woga ni habari nyingine na hapa ndo nataka tukae zaidi, kwa sababu hawa ni wengi kuliko watu wanavyodhani na ndo wanaoumizwa zaidi na ushauri mbaya. Chuo Kikuu cha Helsinki kilichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa mbwa zaidi ya 13,000 wa Finland, na shida ya tabia iliyoongoza ni kuogopa makelele, asilimia 32, ikifatiwa na woga wa watu, mbwa wenzao na mazingira mageni, asilimia 29. Kuhangaika na kukurupuka kulikuwa asilimia 15. Kwa hiyo ukipewa mbwa asiyetulia na hujui lolote kumhusu, kufikiria woga kwanza sio ujinga.

Mwili wa mbwa mwenye woga unafanya hivi. Akishtuka adrenalini inapanda papo hapo na inashuka ndani ya dakika, lakini homoni nyingine, kotisoli, inakaa kwenye damu kwa masaa. Sasa akishtushwa tena kabla ya ya kwanza haijaisha zinapandana, na hapa ule usemi wa haba na haba hujaza kibaba unatimia kwa ubaya. Asubuhi lori lilipiga honi, mchana mtu wa kuleta mzigo aligonga, saa kumi mbwa wa jirani alimbwekea, na jioni mtoto anapita tu karibu yake anang'atwa, watu wanasema kang'ata bila sababu. Sababu zilikuwepo tangu asubuhi. Ndo maana siku ya pili baada ya tukio kubwa, mfano usiku wa fataki, mbwa mwoga namshauri mtu asimtoe matembezi ya mjini kabisa, akae nyumbani anuse, atafune, alale, hata siku mbili tatu. Hatapungukiwa kitu.

Tiba yenyewe ya woga ina sehemu mbili zinazoenda pamoja. Ya kwanza ni kumletea kile kitu anachoogopa kikiwa kidogo mno kiasi kwamba anakiona au kukisikia lakini hashtuki, ya pili ni kukiunganisha na kitu kizuri sana. Anaogopa radi? Tafuta rekodi ya radi, icheze kwa sauti ya chini ambayo ni kama haipo, kisha sekunde moja baada ya mlio mpe kipande cha kuku. Mlio, kuku. Mlio, kuku. Zima, pumzika, kesho tena. Mpangilio huu una maana kubwa, mlio utangulie na kuku afate, kwa sababu kanuni ni ile ile ya Ivan Pavlov wa Urusi na mbwa wake waliotokwa mate kwa ishara iliyotangulia chakula. Ukigeuza, ukatoa kuku kwanza ndo mlio uje, unaweza kumfanya aanze kumuogopa kuku. Sauti unaipandisha pale tu anaposikia mlio na kugeuka kukutazama kwa furaha kwamba kuku yuko wapi. Ukiona amekataa kula au anatafuta pa kujificha umepanda haraka mno, rudi chini. Kwa mbwa anayeogopa watu au mbwa wenzake sauti unaibadilisha na umbali, unaanza mita hamsini kama ndo pale anapoweza kutazama na bado akala.

Na ile siku yenyewe radi ikija kabla hamjamaliza mazoezi? Kila ikipiga mpe kitu kitamu papo hapo, au mrushie mchezo anaoupenda, kama bado anaweza kula na kucheza. Funga mapazia, washa feni au redio, mfungulie kabati au chini ya kitanda kama ndo anakopenda kujificha na usimtoe kwa nguvu. Hakikisha ana kibati chenye namba ya simu shingoni, manake usiku wa fataki mbwa wengi wanatoroka kwa hofu na kupotea.

Kuna kauli imewatesa mbwa miaka mingi, kwamba ukimbembeleza mbwa anayeogopa unamfundisha kuogopa. Sio kweli. Woga ni hisia, hauongezeki kwa kuonewa huruma. Akija kwako anatetemeka mruhusu ajibanze, mshike taratibu kama anapenda kushikwa, ongea nae kwa sauti ya chini. Anayependa kujificha peke yake muache ajifiche. Kinachomuongezea woga ni wewe kupaniki nae. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping cha Sweden wa mwaka 2019 walipima kotisoli kwenye nywele za watu na manyoya ya mbwa wao, mbwa 58 wa aina mbili za kuchunga, wakakuta viwango vya stresi ya mda mrefu vinaenda sambamba kati ya mbwa na mwenye nae. Kwa hiyo mtu akiniuliza afanye nini kwa mbwa mwenye wasiwasi, na yeye mwenyewe anaishi kwa kupiga kelele na kukimbia kimbia, kuna jibu moja naanza nalo.

Kuhusu adhabu sitazunguka. Kumpiga, kumpigia kelele, kola za umeme, kola za kunyonga, kwa mbwa mwenye woga ni ukatili na pia hazifanyi kazi. Mwaka 2020 kundi la watafiti Ureno lililoongozwa na Ana Catarina Vieira de Castro lilifatilia mbwa 92 wa shule za mafunzo. Waliofundishwa kwa maumivu na vitisho walionyesha dalili nyingi zaidi za stresi, kotisoli ya mate ilipanda baada ya mafunzo, na kwenye kipimo kama kile cha bakuli walikuwa na mategemeo mabaya zaidi. Mbwa aliyepigwa mpaka akaacha kunguruma hajapona, amenyang'anywa onyo tu, kinachofata ni meno bila taarifa.

Woga wa kubaki peke yake niutenge, kwa sababu huu mazoezi ya kukimbia hayautibu na mbwa wa pili wa kumpa kampani mara nyingi hautibu pia, anachokosa ni watu. Weka simu irekodi video utoke dakika ishirini. Ukikuta alizunguka kidogo akalala, hana shida, vitu alivyotafuna ni vya kukosa kazi. Ukikuta analia, anahema, anadondosha mate, anaparua mlango tangu dakika ya kwanza mpaka unarudi, huyo yuko kwenye hofu halisi, na kumfungia kwenye kizimba mara nyingi kunamzidishia, wapo waliovunja meno na kucha wakijaribu kutoka. Mazoezi yake ni kutoka kwa sekunde chache na kurudi kabla hajaanza kuogopa, kisha sekunde nyingi zaidi, kisha dakika, huku funguo unazishika hata siku ambayo hutoki na viatu unavaa alafu unakaa. Katika kipindi hicho jitahidi asiachwe peke yake mda anaoshindwa, tafuta ndugu, jirani, mtu yeyote anayemzoea, kwa sababu kila hofu kamili inafuta hatua ulizopiga. Ni kazi ya wiki na miezi, naijua ni ngumu, ila inawezekana.

Haya, chupa sasa. Mafuta, majani, vidonge vilivyoandikwa asili. Mtafiti Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, aliwauliza wenye mbwa zaidi ya 1,200 nini kiliwasaidia mbwa wao wanaoogopa fataki. Kutoa chakula au mchezo kila fataki inapolia, zaidi ya asilimia 70 walisema kulisaidia. Mafunzo ya kutulia na kulegea mwili, kama yale ya mkeka, asilimia 69. Dawa za daktari nazo asilimia 69. Vesti za kubana mwili asilimia 44. Feromoni (kemikali zinazoiga ishara za harufu za mbwa), mitishamba, mafuta ya kunukia na homiopathia (dawa zilizozimuliwa mno) zilikuwa kati ya asilimia 27 na 35, yaani kiwango ambacho hata kidonge kisicho na kitu ndani kinaweza kukifikia. Ni maoni ya wenye mbwa, sio vipimo vya maabara, lakini mpangilio wake unasema mengi. Vitu vya asili vilivyofanya kazi sana ni kuku na mkeka.

Sisemi kila chupa ni takataka. Harufu ya lavenda imewahi kupunguza kuhangaika na kulia kwa mbwa wanaosafiri kwenye gari, kwenye utafiti wa Deborah Wells wa Belfast mwaka 2006, na mwaka 2005 harufu za lavenda na kamomili ziliwafanya mbwa wa kituo cha kulelea wapumzike zaidi. Ila hiyo ni harufu hafifu hewani, na mbwa ana mlango wa kuondoka akitaka. Usimpake mafuta hayo mwilini, atayalamba, na kwa pua ile kumpaka harufu kali shingoni ambayo hawezi kuikimbia ni mateso. Mafuta ya mti wa chai (tea tree, sio majani ya chai tunayokunywa) ndo kabisa, kiasi kidogo tu yakiwa hayajachanganywa yanaweza kumlegeza miguu na kumtetemesha. Chai ya kamomili ikizidi inatapisha na kuharisha.

Theanini inayotokana na majani ya chai na ile protini ya maziwa iliyochakatwa kutoka kwenye kaseini zina ushahidi kiasi kwa wasiwasi mdogo na kwa mbwa wengi hazina madhara, zinaweza kusindikiza mazoezi. Feromoni ya kutuliza, inayoiga ile anayotoa mama mbwa eneo la matiti baada ya kuzaa, kuna mbwa inawagusa na wengine hata hawajui ipo. Melatonini, homoni ya usingizi, madaktari wengine wanaitumia, ila usichukue ya binadamu dukani bila kusoma lebo, baadhi zina zailitoli, kwenye lebo utaikuta imeandikwa xylitol, ni sukari mbadala inayoweza kuua mbwa kwa kushusha sukari ya damu ghafla na kuharibu ini. Mafuta ya bangi usijaribu kienyeji, THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, ni sumu kwa mbwa, anayumba, anajikojolea, mapigo ya moyo yanashuka.

Muziki nao una nafasi ndogo nzuri. Wells mwaka 2002 aliona mbwa wa kituoni wakitulia zaidi kwa muziki wa klasiko na kubweka zaidi kwa heavy metal, ile roki ya makelele, na mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Glasgow pamoja na Scottish SPCA, shirika la kutetea wanyama la Scotland, wakaona rege na roki laini zinafanya vizuri, ila mbwa wanazoea haraka, kwa hiyo badilisha badilisha. Usiwashe tu pale unapotaka kutoka, muziki utageuka kuwa tangazo la kuachwa. Uwashe pia siku mnazokaa wote.

Na kuna mbwa ambao yote haya hayatatosha. Anajiumiza, hataki kula siku nzima, hawezi kufikia hali ya kujifunza hata umbali ukiwa mkubwa kiasi gani, huyo anastahili dawa na kumnyima kwa sababu tunataka asili tupu ni kumuongezea siku za mateso. Zipo za kupewa siku ya tukio tu na zipo za kila siku kama fluoksetini, hizo zinachukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake na hazikatizwi ghafla. Ukipewa asepromazini peke yake kwa ajili ya fataki muulize daktari mbadala, manake inamlegeza mwili wakati ndani bado anasikia na kuogopa, ila sasa hawezi kukimbia. Na siku hiyo mpelekee daktari orodha ya kila jani, kidonge na matone uliyokuwa unampa, hata yale uliyoona ni chai tu, kwa sababu baadhi, kama mmea wa St John's wort na vidonge vya 5-HTP, vikikutana na dawa hizo vinapandisha serotonini, kemikali ya ubongo, mpaka mbwa anatetemeka, joto linapanda na anaweza kupata degedege.